Nanga ya Zege

Kiyoyozi cha kaseti katika ukumbi wa hoteli au duka kubwa huwa na uzito wa kilo 25 au zaidi, na kinaning'inia juu ya vichwa vya watu kwa miaka. Dari ya jipsamu inayokizunguka, yenye unene wa milimita 12 hivi, haina uwezo wa kukibeba. Kazi hiyo inafanywa na vyuma vinne vilivyozamishwa kwenye zege la juu, kila kimoja kikishikilia ufito wenye hesi. Chuma cha aina hiyo ndicho ninachopendekeza tukiite nanga ya zege.

Mafundi wengi wanakiita boliti tu. Lakini boliti hupenya ikatokea upande wa pili, na nati yake unaiona. Nanga hushikia mahali pasipoonekana, kama ile ya jahazi, na ubora wake wote umo ndani ya tundu.

Nanga ya kutanuka ina koni na gamba: ukikaza nati, koni huvutwa, gamba likapanuka na kubana kuta za tundu. Nanga ya gundi inataka uangalifu zaidi. Tundu lipulizwe, lisuguliwe kwa brashi, lipulizwe tena. Vumbi likibaki, gundi itashika vumbi. Na gundi yenyewe iwe ile inayostahimili mzigo wa kudumu.

Mjini Boston, Marekani, tarehe 10 Julai 2006, zaidi ya tani 20 za paneli za dari ya handaki ziliangukia gari na kumuua abiria. Wachunguzi walikuta kwamba nanga zilishikwa kwa gundi ya kukauka haraka, ambayo ikivutwa mfululizo hunyumbuka kidogo kidogo mpaka chuma kichomoke. Inauma kwamba dalili zilikuwepo: baadhi ya nanga za handaki hilo zilionekana zimeteleza mwaka 1999, ujenzi ukiendelea, na chanzo hakikutafutwa ipasavyo.

Kwa hiyo, mwenye jengo, usikubali kiyoyozi, spika wala projekta vifungwe kwenye jipsamu. Dai pia waya wa akiba uliofungwa kwenye nanga yake ya pekee. Na ukiona upenyo kati ya zege na bamba linaloshikwa na nanga, hata wa milimita moja, usiridhike na kukazwa upya: waondoe watu chini yake, umwite mhandisi.