Farasi Walioishia Kitonga

Mwaka niliomaliza kidato cha nne, mjomba alinichukua niwe utingo wake. Lori alikuwa amelinunua mkononi mwa mtu, kwa deni, na muuzaji alimwapia kwamba injini ina nguvu za farasi 400. Basi mjomba akapiga hesabu zake kwa farasi hao: tani ngapi, safari ngapi kwa mwezi, deni liishe lini.

Tulipakia saruji Dar es Salaam kwenda Iringa. Mpaka Ruaha Mbuyuni tulikuwa wafalme wa barabara. Kisha ukaja mlima Kitonga. Mshale wa joto ukapanda, injini ikajipunguza nguvu yenyewe, tukawa tunatambaa kama kinyonga. Mjomba akaniambia nishuke na gogo la kuzuia gurudumu. "Hebu wahesabu farasi wangu, mjomba," akasema. "Mia nne wote wamo?"

Swali hilo, ndugu msomaji, ndilo lililonitia kwenye vitabu.

Huyu farasi wa injini ni kazi ya Mskoti James Watt. Miaka ya 1780 alikuwa akiuza mashine za mvuke kwa watu waliozoea farasi wa kuzungusha vinu na pampu. Wateja walitaka kujua jambo moja tu: mashine yako itashika nafasi ya farasi wangapi? Watt akaweka kipimo. Kwa hesabu ya leo, farasi mmoja ni sawa na kunyanyua kilo 76 mita moja kwenda juu, kila sekunde, kwa mfululizo.

Neno zito hapo ni mfululizo. Maana farasi akikazwa anatoa zaidi ya hapo. Mwaka 1993 wanasayansi wawili, Stevenson na Wassersug, walipitia matokeo ya farasi walioshindanishwa kuvuta mizigo huko Iowa, Marekani, mwaka 1925. Wakaona kwamba farasi wa kweli anaweza kufikia karibu nguvu 15, lakini kwa sekunde chache tu. Watt hakumhesabu farasi huyo wa mashindano. Alimhesabu farasi wa kazi, anayezunguka kinu saa baada ya saa. Kumbe kipimo chenyewe kilizaliwa kikiwa na muda ndani yake!

Muda huo ukapotelea kwenye matangazo ya magari. Mpaka mwaka 1971 makampuni ya Marekani yalikuwa yakitangaza nguvu ya injini iliyopimwa ikiwa uchi, bila feni, bila bomba lake la moshi, bila vitu vingine vinavyoila nguvu barabarani. Cadillac Eldorado ya 1971 ilitangazwa kuwa na farasi 365. Mwaka 1972 upimaji ukabadilika, injini ikapimwa ikiwa imevaa vyombo vyake, ikawa 235. Wale 130 hawakufa. Hawakuwahi kutia mguu barabarani.

Wakaja pikapu za dizeli za kuvuta matela. Dodge ya 1989 yenye injini ya Cummins ilikuwa na farasi 160. Kufikia 2023 Ford ikatangaza 500. Lakini tazama: dizeli ya Ford ya lita 6.7, iliyotangazwa kuwa na farasi 475 ndani ya pikapu ya 2020, kwenye lori kubwa la F-650 haikuzidi 330. Lori la kazi hukamuliwa kutwa, kwa hiyo hupewa namba ndogo ili injini idumu.

Adui ni joto. Zaidi ya nusu ya nishati ya dizeli haifiki kwenye magurudumu, inatokea kwenye bomba la moshi na rejeta. Kwenye tambarare upepo unasaidia kupoza. Mlimani mzigo unazidi, mwendo unashuka, upepo hamna, na feni nayo inadai sehemu yake ya nguvu. Joto likipita kiasi, kompyuta inabana mafuta ili injini isiungue. Ndiyo yaliyotukuta sisi.

Mwaka 2008 chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, kilitoa kanuni za kupima magari ya kuvuta. Mtihani mmojawapo ni mlima wa Davis Dam, Arizona: kilomita 18 hivi za kupanda, joto si chini ya digrii 38, kiyoyozi kikiwa kimefunguliwa mpaka mwisho. Pikapu ya kawaida yenye tela haitakiwi kushuka chini ya kilomita 64 kwa saa. Toyota ndiyo iliyotangulia kuzifuata kanuni hizo, kwa Tundra ya 2011. Hapo angalau namba inatolewa jasho kwanza.

Na wala si jambo geni. Wauza jenereta kubwa huandika namba mbili, ya dharura na ya kufanya kazi mfululizo, na hii ya pili ndiyo ndogo. Muuzaji wa lori letu alitupa moja tu, na sisi hatukuuliza.

Mjomba alimaliza deni, ila kwa kuchelewa miaka miwili, na shamba la mahindi likaenda humo humo. Siku hizi karatasi ya muuzaji haimbabaishi. Anapakia tani zile tu ambazo Kitonga itakubali saa nane mchana, jua la utosi. Na gogo bado lipo nyuma ya kiti changu.