Mteja Mezani: Habari za Hoteli za Migori na Homa Bay

Bila shaka wewe, msomaji, umewahi kuketi katika hoteli ya mjini ukangoja. Ulikuja na njaa tumboni na fedha mfukoni, ukachagua kiti, ukatazama huku na huku. Mhudumu akapita karibu nawe mara ya kwanza, akapita mara ya pili, macho yake mbele kama ya mtu aendaye kuzima moto. Mwishowe akasimama, akakuuliza, "Unataka nini?" kwa sauti ya askari anayemhoji mwizi. Ukataja chakula, akasema kimekwisha. Ukataja kingine, akaondoka bila ya kujibu. Kama umeyaona hayo Migori au Homa Bay, usidhani kwamba yalianza siku hiyo, wala kwamba mhudumu yule alizaliwa na moyo mbaya. Yana historia yake, nami nataka kukusimulia.

Kwanza utazame mambo yalivyokuwa kabla ya hoteli. Kwa Wajaluo, ambao ni wengi miongoni mwa wenyeji wa nchi hii ya kusini mwa Nyanza, mgeni huitwa wendo. Wendo aliyefika nyumbani jioni hakuulizwa anataka nini. Alipewa maji ya kunawa, akaletewa ugali na samaki au mboga, akala akashiba, wala hakulipa hata senti moja. Mtu anunuaye kitu ana jina lake mbali: huyo ni jang'iewo. Wendo hukaribishwa, jang'iewo hupimiwa. Mtu aliyezoea kuwapokea wageni kwa njia ya kwanza hakupewa somo lolote la njia ya pili, na hoteli ilipokuja ilimtaka ayachanganye mawili hayo katika sahani moja.

Hoteli ilikuja kwa maji na kwa barabara. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwezi wa Desemba mwaka 1901, na miaka michache baadaye meli kama Winifred na Sybil zilikuwa zikisafiri katika ziwa. Kendu Bay na Homa Bay zikawa bandari ndogo, na wafanya biashara wa Kihindi na Waislamu wa pwani wakafungua maduka. Mahali meli inapotia nanga hapana budi pawe na mtu wa kuuza chai. Upande wa Migori mambo yaliletwa na dhahabu na barabara. Machimbo ya Macalder yalikusanya wafanya kazi waliokuwa mbali na majiko ya wake zao, na barabara ya kutoka Kisii kupita Rongo na Awendo hadi mpaka wa Tanzania pale Isebania iliwaleta madereva, makarani na wachuuzi. Watu hao wote walitaka kula upesi na kuondoka.

Hapa, msomaji, nakuomba utulie kidogo, maana hapa ndipo fundo lilipo. Mteja wa hoteli ya barabarani ni msafiri. Basi linapiga honi. Yeye ameshika kikombe kinachomchoma vidole. Ikiwa chai ni baridi hatarudi kulalamika, kwa kuwa jua likichwa atakuwa Kisii au Musoma. Ikiwa chai ni nzuri hatarudi kushukuru pia. Mwenye hoteli hapati faida kwa kumpendeza, wala hapati hasara kwa kumwudhi. Anapata faida kwa kuwapitisha wengi mezani kabla honi haijalia. Desturi ya namna hiyo ikikaa miaka mingi huingia hata katika kuta. Soma maandishi yaliyobandikwa katika hoteli nyingi za Kenya: hakuna mkopo, lipa kwanza, hesabu chenji yako kabla ya kuondoka. Yote ni amri, na yote yanamwelekea yule aliyeleta fedha.

Lakini safari peke yake haitoshi kueleza uso ule mkavu. Iko sababu nyingine iliyo chungu zaidi, nayo ni utawala wa kikoloni. Katika hoteli za Wazungu, wahudumu walikuwa Waafrika waliovaa kanzu nyeupe na mkanda wa rangi kiunoni, wengine na tarbushi nyekundu kichwani. Mhudumu huyo huenda alikuwa na wajukuu nyumbani, na hata hivyo aliitwa "boi". Vijitabu vya kuwafundisha masetla Kiswahili vilijaa amri: lete, ondoa, fanya upesi. Mwafrika aliweza kuipika nyama ya hoteli kubwa ya Nairobi, akaweza kuipeleka mezani na kusimama nyuma ya kiti huku inaliwa, lakini hakuruhusiwa kuketi akaila. Kizuizi hicho cha rangi kilianza kulegea katika miaka ya 1950, hata uhuru ulipopatikana mwaka 1963 kikakosa mtetezi wa wazi.

Fikiri basi yaliyobaki katika nyoyo za watu. Kuinama kidogo, kutabasamu, kusema "tafadhali, bwana": mambo haya ambayo kwingine ni adabu tu, hapa yalinuka utumwa. Mtu huru alijiona huru zaidi akisimama wima na kukunja uso. Naye mteja, kwa upande wake, hakudai mengi. Waafrika walikuwa wameanza kufungua biashara zao; mwaka 1947 Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walianzisha Luo Thrift and Trading Corporation ili watu wa Nyanza washike biashara kwa mikono yao wenyewe. Nadhani mtu aliyeingia katika hoteli ya Mwafrika mwenzake siku zile alifurahi kwamba hakuna wa kumfukuza kitini. Chai ikichelewa, alivumilia. Kuruhusiwa kuketi kulikuwa ushindi wa kutosha.

Lugha nayo inatuambia jambo. Sisi husema "mteja", na katika kamusi za zamani neno hilo lilitumika pia kwa mgonjwa aliye chini ya mganga. Mgonjwa hachagui dawa. Hungoja, hunywa alichopewa, na hulipa. Sisemi kwamba wenye hoteli walilisoma neno hilo katika kamusi, ila linawafaa mno.

Baada ya uhuru serikali ilijaribu kuifanya kazi hii iwe ufundi wa kuheshimiwa. Wenye hoteli walitozwa ushuru wa mafunzo, na mwaka 1975 Chuo cha Utalii kikafunguliwa Nairobi kwa msaada wa Uswisi. Vijana wengi wamefuzu huko wakaenda Mombasa, Maasai Mara na ng'ambo. Kwa nini wachache tu walikuja Homa Bay? Kwa sababu walifundishwa kumhudumia mtalii, na mshahara wa mtalii haukufika Homa Bay.

Sasa tuje kwa pizza, ambayo ndiyo inayofanya vijana wa siku hizi walalamike. Katika karne ya 18 pizza ilikuwa chakula cha maskini wa Napoli, ikiuzwa njiani kama mahindi ya kuchoma. Hapa Kenya iliingia kwa mlango wa watalii na wa Waitalia wa Malindi, ambao baadhi yao walivutwa na kituo cha kurusha roketi cha San Marco, kilichorusha setelaiti kutoka baharini mwaka 1967. Migori na Homa Bay ziliikaribisha baadaye sana. Serikali za kaunti zilianza kazi mwaka 2013. Chuo Kikuu cha Rongo kilipata hati yake mwaka 2016. Homa Bay nayo ikapata chuo chenye jina la Tom Mboya. Wakaja wahadhiri, makarani na wanafunzi: watu wenye mshahara au posho, wanaokaa mji mmoja mwaka mzima. Hao si wasafiri. Wanaweza kurudi kesho, na wanaweza kukataa kurudi. Hoteli imepata mteja mpya, lakini inamtazama kwa macho ya kituo cha basi.

Isitoshe, pizza haikubali haraka. Unga hukandwa na hamira, huachwa uumuke, na tanuri lazima liwe moto hasa. Chapati iko tayari kabla hujauliza bei. Pizza hukutaka ungoje, na anayengoja huhitaji kuambiwa angoje kwa muda gani. Tena tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 imekuwa rahisi kukutaka ulipe kwanza. Ukishalipa, silaha yako ya pekee, yaani kuinuka na kwenda zako, imekwisha kuchukuliwa.

Mimi mwenyewe niliingia katika nyumba moja ya pizza mjini Migori, ambayo sitaitaja. Nililipa, nikangoja muda wa saa moja na nusu. Meza ya pili walikaa wanafunzi wawili wenye sare, waliokuwa wamefika kabla yangu na kuchanga fedha zao sarafu kwa sarafu. Mimi nililetewa yangu kwanza. Nilipomwuliza mhudumu sababu, alijibu, "Hao ni watoto tu." Wale wawili walisikia, wakainamisha macho mezani. Nikawapisha wale sahani yangu, nami nikaingoja yao.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa kila mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ikafuata mwaka 2012. Hakuna kifungu kinachosema kwamba mnunuzi ni lazima awe mtu mzima. Ukikaa meza ile na sare yako, sheria inakuhesabu.

Kabla sijaondoka nilizungumza na mhudumu yule. Alikuwa binti wa miaka ishirini hivi, peke yake kwa meza nane, na alikuwa amesimama tangu alfajiri. Aliniambia kwamba gesi ilikwisha tulipokuwa tukingoja, mtu akatumwa mjini kununua mtungi mwingine. Nikamwuliza mbona hakutueleza, nasi tungaliagiza chapati. Akatazama kwanza upande wa kaunta alikoketi tajiri wake, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba alikatazwa, maana mteja akiambiwa gesi imekwisha atataka arudishiwe fedha.