Kasha Sebuleni

Neno "meza" tuliachiwa na Wareno. "Kasha" pia. Vasco da Gama alifika Mombasa mwaka 1498, Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, na mwaka 1698 Waomani wakawafurusha. Ngome ikabaki, na maneno yakabaki vinywani mwetu. "Kahawa" na "sanduku" yametoka kwa Waarabu, "kabati" kwa Waingereza. Kwa hivyo ukisema unatafuta meza ya kahawa, umeshataja mabara mawili kabla hujatoa hata shilingi.

Cha kuchekesha ni kwamba Pwani, walikoizoea kahawa kabla yetu sisi wa bara, haikuhitaji meza. Muuza kahawa hupita na dele lake la shaba, makaa chini, vikombe vidogo visivyo na mkono vikigongana. Unakaa barazani, unakunywa kahawa tungu, unatafuna kashata, unarudisha kikombe. Ile meza fupi ya mbele ya sofa ilikuja pamoja na sofa yenyewe, na Nairobi tukaijaza chai, rimoti na kitambaa cha kufuma.

Mwaka jana nilikuwa natafuta moja ya keja yangu. Mafundi wa Ngong Road wangenitengenezea chochote, mradi niwaonyeshe picha kwenye simu. Lakini nilitaka kitu cha zamani, na katika duka moja la vitu vya kale nikaonyeshwa kasha: mbao nyeusi-nyeusi, misumari ya shaba iliyopangwa kwa mapambo, droo tatu chini.

"Sanduku la Zanzibar hilo, miaka 200," muuzaji akasema. "Weka kioo juu, basi, ushapata meza."

Bei ilikuwa kodi yangu ya miezi mitano. Nikamwambia nitarudi, nikaenda kusoma kwanza.

Kumbe mengi ya makasha tunayoyaita ya Zanzibar hayakutengenezwa Zanzibar. Wajuzi huyagawa kwa majina kama Surat, Bombay na Malabar, yaani pwani ya magharibi ya India. Yalivuka bahari kwa majahazi yaliyosukumwa na kaskazi, upepo unaovuma kuanzia mwezi wa Desemba hadi Machi. Kusi ilipoanza, majahazi yakarudi na pembe za ndovu, karafuu na boriti za mikoko. Nahodha aliweka hati na pesa zake kwenye kasha. Mafundi wa huku nao wakajifunza kuyatengeneza, na Lamu bado wanayatengeneza.

Biashara hiyo haikuwa ya vitambaa na viungo tu. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Kasha ambalo kweli lina miaka 200 lilikuwepo soko likiwa wazi, na huenda fedha zilizolala ndani yake zilitoka huko. Muuzaji hakuligusia hilo, na simlaumu sana. Habari kama hiyo haiuzi.

Lakini kasha lilikuwa pia mali ya mwanamke. Bibi harusi alikwenda nalo kwa mumewe, ndani mna nguo, dhahabu na manukato, na ufunguo ukawa wake. Katika nyumba iliyojaa wakwe na mawifi, hapo palikuwa pake peke yake. Hilo ndilo lililonifanya nisite kuweka kioo juu na kupandisha miguu.

Niliporudi dukani nilijua pa kutazama. Ukienda wewe, vuta droo, igeuze uone chini. Mkono wa fundi wa zamani huacha alama zisizolingana, mashine hukata sawasawa. Tazama skrubu: zenye kichwa cha msalaba zilianza kuenea miaka ya 1930, kwa hivyo bawaba iliyoshikwa na skrubu kama hizo ama ni ya baadaye ama imekarabatiwa. Tazama kingo ambazo mikono ingezishika, kama kweli zimelika. Halafu pima. Meza ya sofa huwa na urefu wa sentimita 40 hivi kwenda juu, na makasha mengi huzidi hapo.

Kasha lile lilikuwa na skrubu za msalaba kila mahali, hata ndani kusikoonekana. Kwangu huo haukuwa ukarabati. Lilikuwa kazi safi ya fundi wa juzi, lililopakwa rangi ya uzee.

Tuseme basi lingekuwa la kweli. Sheria yetu ya mwaka 2006 kuhusu makavazi na turathi inahesabu kitu kuwa cha kale kama kilitengenezwa Kenya au kiliingizwa humu kabla ya mwaka 1895, yaani kabla Waingereza hawajaitangaza nchi hii kuwa chini ya ulinzi wao. Kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Lakini sheria haikuambii kilivyotoka nyumbani kwa wenyewe. Kuna kasha lililouzwa kwa hiari, na kuna lililouzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu karo ilikuwa inadaiwa. Ukishalipaka vanishi huwezi kuyatofautisha. Nilipouliza limetoka nyumba gani, jibu lilikuwa neno moja tu: "Pwani."

Sikulichukua. Baadaye nilinunua meza ya mvule kutoka kwa mama mmoja wa Eastlands aliyekuwa anahamia ushago. Mumewe aliitengenezesha Gikomba miaka ya 1970. Wala si ya maajabu, na hakuna mtu atakayeiita turathi. Lakini ina alama ya pasi upande mmoja, na nilipomuuliza nani aliichoma, alicheka, akanitajia jina.