Tathmini ya Gredi ya 3 (Kisii na Nyamira)

Tathmini ya Gredi ya 3 ni jaribio la kitaifa ambalo Baraza la Kitaifa la Mitihani la Kenya (KNEC) huwaandalia watoto wanaokamilisha miaka mitatu ya kwanza ya shule ya msingi. Ilifanywa kote nchini kwa mara ya kwanza mwaka 2019, mwaka ambao mtaala wa umilisi (CBC) ulianza rasmi, na baadaye ikajulikana kwa kifupisho cha KEYA. Baraza hutunga maswali, shule huyapakua kwenye tovuti yake, kisha walimu wa shule hiyohiyo huwasimamia watoto, husahihisha na kurudisha alama kwenye tovuti. Hakuna cheti kinachotolewa wala shule mpya inayogawiwa mtoto. Matokeo huelezwa kwa viwango vinne: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na mbali na matarajio. Swali la mzazi, hata hivyo, mara nyingi hubaki lile la zamani: amekuwa nambari ngapi? Swali hilo halina jibu katika tathmini hii, na kulilazimishia jibu ni kupoteza kile ambacho tathmini inaweza kumwambia mzazi.

Mzazi wa Gusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira, hafai kulaumiwa kwa kuuliza hivyo. Tangu mwaka 1985 hadi 2023, mtihani wa KCPE ndio uliompangia mtoto shule ya upili, na kufikia miaka yake ya mwisho hatima hiyo ilisomwa katika alama 500. Kwa sensa ya mwaka 2019, Kisii ilikuwa na zaidi ya watu 900 katika kila kilomita mraba, na Nyamira zaidi ya 600. Shamba la kahawa au majani chai likishagawanywa kwa wana na wajukuu, linabaki kipande kisichoweza kulisha familia, hivyo elimu imekuwa urithi ambao mzazi ana hakika ataweza kuuacha. Nafasi katika shule kama Kisii School, Nyabururu au Nyambaria ni chache kuliko wanaozitaka. Anayeishi katika hali hiyo hujifunza mapema kumlinganisha mwanawe na mtoto wa jirani. Lakini tathmini hii haikuundwa kwa ulinganisho huo. Iliundwa ili mwalimu na mzazi wajue mtoto ameshika nini na kimemponyoka nini kabla hajaingia Gredi ya 4, ambapo Kiingereza huwa lugha ya kufundishia na vitabu huanza kudhani kwamba anajua kusoma.

Tuchukue hesabu moja ya kutoa: 52 toa 27. Mtoto anaandika 35. Katika hesabu ya alama amekosa, basi. Ukilitazama jibu lenyewe utaona jinsi alivyofikiri: katika kila safu ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, saba toa mbili, tano toa mbili. Hakubahatisha. Anajua kutoa, ila hajaelewa namna ya kukopa kumi. Mwenzake aliyeandika 79 amejumlisha. Huenda hakuitambua alama ya kutoa. Wote wawili wamekosa swali moja na pengine wamewekwa kiwango kimoja, ilhali msaada wanaouhitaji ni tofauti kabisa. Kwa hiyo karatasi iliyosahihishwa ina thamani kubwa kuliko jina la kiwango, na mzazi anayekwenda shuleni aombe kuiona. Mtoto wa kukopa kumi anaweza kusaidiwa hata sokoni Keroka au Daraja Mbili, akiachwa ahesabu chenji mwenyewe badala ya kuhesabiwa.

Wapo wanaosema kwamba pasipo nambari moja na nambari ya mwisho watoto watazembea. Hoja hii ina uzito kwa kijana anayeelekea mtihani wa kuhitimu. Kwa mtoto wa miaka minane au tisa ni dhaifu. Nchi hii ilipanga watoto kwa nambari kwa miaka mingi, na bado tafiti za mradi wa Uwezo, zilizoanza mwaka 2009 kwa kuwapima watoto nyumbani kwao, zilionyesha kwamba takribani watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu waliweza kazi ya darasa la pili. Ushindani ulikuwepo, kusoma hakukuwepo. Mtoto anaweza kuwa wa kwanza katika darasa ambalo hakuna anayesoma hadithi fupi akaielewa, na mzazi wake akashangilia.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba alama za mapema zinahesabiwa baadaye, hivyo mzazi ana haki ya kuwa na wasiwasi. Kwa sehemu ni kweli. Tathmini ya Gredi ya 6, KPSEA, iliyofanywa kwanza mwaka 2022, huchangia asilimia 20 ya matokeo ya Gredi ya 9, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 zikichangia asilimia 20, na mtihani wa KJSEA wenyewe asilimia 60. Lakini Gredi ya 3 haimo katika hesabu hiyo hata kidogo. Isitoshe, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi kukaririshwa darasa. Shule ikimwambia mzazi kwamba mtoto arudie Gredi ya 3 kwa sababu ya matokeo haya, mzazi ana haki ya kukataa.

Linabaki suala la uaminifu. Mwalimu anayesahihisha kazi ya darasa lake anaweza kushawishika kupandisha alama ili asionekane ameshindwa, hasa pale wazazi wanapomkabili kwa hasira. Udhaifu huu ni wa kweli, nami sioni mfumo wa usimamizi utakaoumaliza peke yake. Ila ni wazi kishawishi hicho kinatoka wapi: mwalimu hudanganya pale ukweli unapomletea adhabu. Mzazi akija kuuliza mtoto amekwama wapi, mwalimu hana sababu ya kuficha kitu. Na mzazi anayo njia ya kuthibitisha bila kumgombeza mtu: ampe mtoto aya moja ya kitabu chake cha Kiswahili aisome kwa sauti, kisha amwombe aisimulie kwa lugha ya nyumbani, Ekegusii. Akisoma vizuri na kushindwa kusimulia, anatamka maneno asiyoyaelewa. Akishindwa kusoma lakini akasimulia vizuri anaposomewa, akili yake iko sawa na tatizo ni herufi. Tathmini hufanywa muhula wa tatu, na likizo ndefu ya mwisho wa mwaka hufuata. Kwa kuwa sheria hiyohiyo ya mwaka 2013 inapiga marufuku tuisheni ya likizo, wiki hizo ni za nyumbani, na dakika chache za kusoma kila jioni zinatosha kuanza.