Kamera Isiyo na Kioo: Historia ya Jina Lililotupotosha

Mwaka 2023 dawati letu la istilahi lilipokea barua kutoka ofisi moja mjini Pangani. Ofisi hiyo ilikuwa imepata fedha za kununua kamera moja ya kitaalamu, kwa kazi mbili: kuhifadhi kwa picha majumba ya kale yaliyo kando ya mto pamoja na hati zinazochakaa, na kupiga picha za kasa wanapoanguliwa usiku katika pwani ya Ushongo. Uchaguzi ulikuwa umekwisha kufikia kamera mbili, yaani Nikon Z9 na Sony Alpha 1. Maelezo ya kamera zote mbili yalikuwa kwa Kiingereza, nasi tukaombwa kuyafasiri ili wajumbe wa kamati ya ununuzi wayasome wenyewe kabla ya kuamua.

Tuliyafasiri. Katika mstari wa kwanza tuliandika kwamba zote mbili ni "kamera za kitaalamu zisizo na kioo". Baada ya majuma mawili tulipata majibu: "Ndugu, tumeelewa kuwa bei hii ni ya kamera bila kioo. Tafadhali tujulisheni kioo chenyewe kinauzwa kiasi gani, na kama vioo vya kamera yetu ya zamani vitaweza kuingia."

Kosa lilikuwa letu. Katika Kiswahili kioo ni kitu cha kujitazamia, lakini vilevile ni ile mali ghafi inayopitisha nuru: kioo cha dirisha, kioo cha saa, kioo cha taa. Mtu asiye fundi, akiitazama kamera, kioo anachokiona ni kimoja tu, nacho ni lenzi iliyo mbele. Akiambiwa kamera haina kioo ataelewa kuwa haina lenzi. Tena kwa bahati mbaya kamera za daraja hilo huuzwa kweli bila lenzi, mwili peke yake, na lenzi hununuliwa mbali. Kwa hiyo barua ya Pangani ilifikia ukweli kwa njia ya kosa letu, na ingaliweza pia kufikia hasara, kwa maana kamati ingejaribu kulinganisha bei za vitu viwili visivyokuwapo.

Ndipo tulipoona haja ya kuitafuta historia ya jina hili, na ya majina mengine yaliyo jirani yake.

Picha zilifika mapema katika pwani yetu. James Augustus Grant alipiga picha Unguja mwaka 1860, alipokuwa akijiandaa kwenda bara pamoja na Speke. Katika karne hiyo hiyo Mgoa A. C. Gomes alifungua studio mjini Unguja. Pangani, iliyokuwa mlango wa misafara ya kwenda Usambara na Kilimanjaro, ilimwona Mjerumani Hans Meyer, ambaye mwaka 1888 alichapisha kitabu cha picha 40 alizotoka nazo katika safari yake ya Kilimanjaro ya mwaka 1887. Mwaka huo wa 1888 alirudi pamoja na Oscar Baumann. Vita vya Abushiri vikawakuta, wakakamatwa, wakatozwa fedha nyingi ndipo wakaachiliwa. Abushiri mwenyewe alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Tuone sasa watu wa pwani walikiitaje kitu hicho kigeni. Kamusi za zamani zinatuonyesha kuwa neno sanamu lilibeba maana zote: kinyago, mchoro, sura ya mtu iliyotiwa katika karatasi. Neno picha, lililotoka katika Kiingereza, lilikuja baadaye na kumega sehemu ya maana hiyo, likaiachia sanamu vitu vya kuchonga na kufinyanga. (Watu wa Kongo ya mashariki walichukua njia nyingine, wakasema foto, kwa kupitia Kifaransa.) Kitenzi, hata hivyo, hakikuazimwa popote. Watu walilitwaa neno piga, lile lile la kupiga pasi, kupiga chapa na kupiga kinanda, likatosha. Hatuna habari ya kamati yoyote iliyokaa kuliamua jambo hilo.

Neno kamera nalo lina asili ya kufurahisha. Katika Kilatini maana yake ni chumba. Wanazuoni wa nuru, na miongoni mwao Ibn al-Haytham wa Basra aliyefanya kazi Misri katika karne ya 11, walichunguza jinsi nuru inavyopita katika tundu dogo na kutupa sura ya vitu vya nje ndani ya mahali penye giza. Chumba hicho cha giza ndicho kilichopunguzwa hata kikawa sanduku, na sanduku likapunguzwa hata likawa kitu cha kushikwa mkononi.

Jambo la kuzingatia ni hili. Kamera zile za kwanza za pwani, zilizosimamishwa juu ya miguu mitatu na mpiga picha akajifunika kitambaa cheusi, hazikuwa na kioo cha kuakisi ndani yake. Nuru ilitoka katika lenzi ikaenda moja kwa moja hadi nyuma. Wala hazikuwa zimepungukiwa na vioo kwa maana ile nyingine: lenzi ilikuwa kioo, bamba la ukungu ambalo mpiga picha alitazamia lilikuwa kioo, na picha yenyewe, kabla ya filamu kuenea, ilichukuliwa juu ya kipande cha kioo kilichopakwa dawa. Basi kama mtu wa Pangani wa zama za Abushiri angeambiwa habari ya "kamera isiyo na kioo", angestahili kuuliza ni kamera gani hiyo, na picha itakaa juu ya nini.

Kioo cha kuakisi kiliingia katika kamera ndogo za filamu katika miaka ya 1930, kikapata nguvu katika miaka ya 1950, na kamera ya Nikon F ya mwaka 1959 ikakifanya kuwa chombo cha kawaida cha wapiga picha wa magazeti duniani. Kazi yake ni kama ifuatavyo. Kioo hukaa nyuma ya lenzi kwa mshazari, kikaipeleka nuru juu hadi kwenye jicho la mpiga picha, ili aone kile kile ambacho lenzi inakiona. Anapobonyeza kitufe, kioo huinuka, pazia lililo nyuma yake hufunguka na kufunga, picha hupigwa, kisha kioo hurudi mahali pake. Ule mlio tuliouzoea katika harusi na mikutano ya hadhara ni mlio wa kioo na pazia vikifanya kazi. Kamera za aina hiyo zilitumika humu nchini kwa zaidi ya nusu karne, nasi hatukuwahi kuzipa jina la kuzitofautisha. Ziliitwa kamera, basi.

Mwaka 2008 ilitoka kamera ya dijitali ya Panasonic, G1, ambayo ilibadilisha lenzi kama zile kubwa lakini haikuwa na kioo hicho. Sura iliyoonwa na jicho ilitoka katika kihisi, ikaonyeshwa kwa skrini ndogo ndani ya tundu la kutazamia. Watengenezaji walisitasita juu ya jina, wakajaribu mawili matatu, na mwishowe jina la Kiingereza lililoshinda likawa lile la kutaja upungufu. Wajapani, ambao ndio watengenezaji wenyewe, waliliazima jina hilo na kulitamka kwa namna yao. Kwa Mwingereza au Mjapani jina hilo lina maana, kwa sababu alikwisha kuzoea kuitaja kamera ya kioo kwa jina lake la pekee. Sisi tulipolifasiri neno kwa neno tulijikuta tukitaja ukosefu wa kitu ambacho hatujapata kukitaja kuwapo kwake.

Kiswahili hakina desturi hiyo. Wasomaji wetu wafikirie neno simu. Asili yake ni Kiajemi, na maana yake ya kwanza ni waya. Lilifaa sana kwa mawasiliano ya telegrafu yaliyofika Unguja kwa kebo ya baharini mwaka 1879, kisha likahamia kwenye chombo cha kuzungumzia. Chombo hicho kilipopoteza waya wake, hakuna aliyekiita simu isiyo na waya kwa muda mrefu. Jina la simu liliendelea na safari, na kile cha zamani ndicho kilichoongezewa maelezo kikawa simu ya mezani. Gari nalo lilitoka Uhindini likiwa la kukokotwa, na lilipoanza kwenda kwa injini halikuitwa gari lisilo na mnyama. Garimoshi lilipewa jina kwa kile kilicho nacho, yaani moshi, na jina halikufutwa hata pale injini za makaa zilipoondoka relini. Kwa kifupi, chombo kipya hurithi jina, na cha zamani hupewa nyongeza.

Kwa kufuata njia hiyo tulipendekeza kwamba kamera ya zamani iitwe kamera ya kiakisi, kutokana na kitenzi akisi ambacho walimu wa sayansi wamekizoea, na hii mpya iitwe kamera tu. Pale ambapo sheria ya ununuzi inadai tofauti iandikwe, basi iandikwe "kamera isiyo na kiakisi", ambayo angalau haiwezi kumfanya mtu adhani kuwa lenzi imesahauliwa kiwandani. Mwenzetu mmoja alipinga kwamba viakisi ni vile vibandiko vinavyong'aa nyuma ya malori. Pingamizi hilo lina uzito, wala hatukulishinda. Tulisema tu kwamba lori na kamera havikutani katika hati moja ya zabuni. Mwandishi wa barua ya Pangani alituletea pia ushahidi wake. Alimwuliza mpiga picha mmoja karibu na kivuko cha Bweni tofauti ya kamera hizo, akajibiwa: "Ile ya zamani inakohoa, hii mpya haikohoi." Hatukuweza kulifanya istilahi, lakini kati ya maelezo yote tuliyoyasoma hatukuona lililo wazi kuliko hilo.

Hata hivyo kukohoa kuna sababu mbili, na hapo ndipo kamera zile mbili zilipoachana. Sony Alpha 1, iliyotangazwa Januari 2021, haina kiakisi lakini ina pazia. Linaweza kutumika au kuachwa. Nikon Z9, iliyotangazwa Oktoba mwaka huo huo, haina kiakisi wala pazia la kupigia picha. Kihisi chake husomwa kwa umeme peke yake, kwa kasi kubwa, kimya kabisa. Kama tungeendelea kuziita kamera kwa upungufu wao, ya pili ingehitaji jina refu kuliko ya kwanza, na ya mwaka ujao lingezidi kurefuka.

Kwa kasa wa Ushongo ukimya haukuamua lolote, maana zote mbili zaweza kunyamaza. Mayai yanayotagwa katika kisiwa cha Maziwe huhamishiwa Ushongo kwa sababu kisiwa hufunikwa na maji ya bamvua, na watoto wa kasa wanapotoka mchangani huifuata nuru wakidhani ni bahari. Kwa hiyo taa ya kamera hairuhusiwi, na hata skrini ya nyuma yafaa izimwe. Tulieleza hayo kwa lugha nyepesi, pamoja na tarakimu: Alpha 1 ina megapikseli 50.1, Z9 ina 45.7, Alpha 1 pamoja na betri yake ina uzito wa gramu 737, na Z9 gramu 1,340. Mtu atakayeibeba kutwa nzima juani kuanzia bomani hadi mwisho wa mji ataijua tofauti hiyo bila kufasiriwa.

Lililoamua ni swali la barua ya kwanza, lile tulilodhani ni la kosa: vioo vya kamera ya zamani vitaingia? Ofisi ilikuwa na kamera ya zamani ya Nikon na lenzi zake tatu. Lenzi hizo huweza kufungwa kwenye Z9 kwa kutumia adapta, ila zile za kale zinazotegemea mota ya mwili wa kamera hazijilengi zenyewe, sharti zilengwe kwa mkono. Tuliwaandikia hivyo. Mbili kati ya zile tatu zilikuwa na mota yake ndani, na kwa majumba, ambayo hayakimbii, ile ya tatu nayo ingetosha. Wakaichagua Nikon.

Barua ya mwisho ilitoka kwa mtunza ghala. Alitaka kujua aandike jina gani katika leja, kwa sababu hati ya mapokezi ilisema kamera isiyo na kioo, hati ya ununuzi ilisema kamera isiyo na kiakisi, na mkaguzi angedhani ni vitu viwili. Tulimjibu aandike: kamera, Nikon Z9, moja, adapta, moja. Kuhusu kamera ya zamani, tuliomba afute neno "kamera" lililo peke yake katika ukurasa wa nyuma na kuandika "kamera ya kiakisi". Alifanya la kwanza. La pili alilikataa, kwa hoja kwamba leja haifutwi.

Mapendekezo ya wasomaji juu ya neno kiakisi, na juu ya neno pazia kwa maana tuliyoitumia hapa, bado tunayapokea.