Sanduku Lenye Kufuli Tatu: Mafundisho ya Fedha katika Ufipa

Kila mwaka mahindi yanapokauka shambani, kuanzia mwezi wa sita, semina nazo huanza kumiminika mjini Sumbawanga. Wiki hii ni afisa wa benki amesimama kwenye ukumbi wa usharika akieleza namna ya kufungua akaunti. Wiki ijayo ni mwalimu wa ujasiriamali kutoka Mbeya, anafundisha ufugaji wa kuku wa kienyeji na uandishi wa bajeti ya nyumba. Baada yake watakuja maafisa maendeleo ya jamii kuhimiza vikundi visajiliwe. Saa mbili au tatu, soda, picha ya pamoja, kisha watu wanapanda bodaboda kurudi makwao. Sisi wachungaji tunaombwa kufungua kwa sala na kutoa tangazo siku ya Jumapili. Tumefanya hivyo miaka mingi bila kujiuliza mafundisho haya yametoka wapi, na kwa nini mengi yamepita kama upepo huku machache yakishika mizizi.

Tulilazimika kujiuliza siku mama mmoja alipoinua mkono katikati ya somo la bajeti. "Mwalimu," alisema, "unanifundisha kuandika mapato. Gunia langu mimi linanunuliwa kwa lumbesa. Niandike gunia moja, au gunia na nusu?" Watu wakacheka. Mwalimu naye akacheka, akaendelea na ukurasa uliofuata. Nabii Amosi, aliyewakemea wafanyabiashara wa nafaka kwa vipimo vyao vya hila, asingeendelea. Sisi tuliokaa meza kuu tuliendelea.

Tuanze basi mbali kidogo. Mfipa hakujifunza uchumi kwenye semina. Mababu walifukia nyasi ndani ya matuta ya mviringo, zikaoza humo, na msimu uliofuata matuta yakavunjwa ili mbegu ikute udongo uliolishwa. Hiyo ni akiba, ingawa haikuandikwa katika daftari lolote. Walijenga pia malungu, tanuri za udongo zinazompita mtu kwa kimo, wakayeyusha chuma cha majembe yao. Magofu ya baadhi yake yangali yamesimama porini. Somo la kwanza la fedha taslimu lilikuja kwa njia nyingine, nalo lilikuwa kodi. Wajerumani walitoza kodi ya vibanda, Waingereza wakaendeleza kodi, na kwa kuwa kodi ilidai sarafu, vijana walifunga safari kwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa kule Chunya, wengine hadi mashamba ya mkonge ya Tanga. Fedha ilikuwa kitu kinachomwondoa mtoto nyumbani. Tunadhani hofu hiyo bado imo ndani ya watu wetu, na mwalimu anayekuja na kompyuta hana habari nayo.

Baada ya Uhuru serikali ilitaka kufundisha uchumi kwa njia ya mazungumzo. Mwezi wa Mei 1969 Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya mkutano mkuu wa TANU kueleza Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, na hotuba ile ikapewa jina la Kupanga ni Kuchagua. Mwaka huohuo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilitumia jina hilohilo kwa kampeni ya redio. Watu walikusanyika kwa vikundi, wakasikiliza kipindi, kisha wakajadili wakiwa na kijitabu na kiongozi wao. Kampeni hiyo ya kwanza ilikuwa ndogo. Ilipofika 1973, Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao milioni mbili, nayo ndiyo wazee wengi wanayoikumbuka, kwa sababu baada ya kipindi walikwenda kuchimba choo. Tukumbuke jambo hilo. Kilichobaki katika kumbukumbu ni choo, kwa kuwa choo kilionekana.

Wakati huohuo uchumi wenyewe ulikuwa unawafundisha Wafipa somo lingine, kimyakimya. Katikati ya miaka ya 1970 serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima. Mkulima wa huku kwetu, mbali na Dar es Salaam kuliko karibu kila mtu, alilipwa sawa na aliyekuwa karibu na soko, na gharama ya lori ikabebwa na taifa. Ufipa ikalima. Rukwa ikahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne inayolisha nchi. Lakini mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa, ununuzi ukawa mikononi mwa Shirika la Taifa la Usagishaji, na malipo yakaanza kuchelewa. Vyama vilirudishwa kwa sheria ya 1982, vikiwa dhaifu. Baadaye ruzuku ya usafiri iliondolewa, wafanyabiashara binafsi wakaruhusiwa, na umbali wetu ukarudi kuwa mzigo wetu. Lami kutoka Tunduma ilitufikia katika miaka ya 2010 tu. Mtu aliyeuza mahindi mwaka 1978 na mwaka 1995 hakubadilika tabia. Bei na barabara ndizo zilizobadilika. Ndiyo maana hatupendi semina inayomwambia mkulima kwamba umaskini wake umetokana na kukosa nidhamu. Nidhamu inahitajika, ndiyo. Ila mkulima anayeuza mwezi wa saba kwa bei ya chini na kununua unga mwezi wa pili kwa bei ya juu mara nyingi anajua hesabu yake vizuri sana. Anadaiwa, basi.

Miaka ya 1990 ilileta mageuzi ya mabenki. Benki ya Taifa ya Biashara iligawanywa mwaka 1997, NMB ikazaliwa, na taasisi za mikopo midogo zikaanza kutafuta wateja mijini. Hapo semina zikageuka kidogo. Zamani mwalimu alitumwa na serikali au chama, sasa mara nyingi alitumwa na mwenye kitu cha kuuza. Halafu wakaja waliotumia maneno yetu. Kampuni ya DECI ilikusanya fedha za maelfu ya Watanzania kwa lugha ya kupanda mbegu na kuvuna, na waliokuwa mbele yake walikuwa wachungaji. Mwaka 2009 serikali iliisimamisha, akaunti zake zikazuiwa, viongozi wakafikishwa mahakamani. Ni rahisi kusema hawakuwa wa kanisa letu. Lakini aliyesikia neno "mbegu" na kuitoa pesa ya ada alikuwa amefundishwa neno hilo kanisani, na sisi sote tumelitumia madhabahuni pasipo uangalifu. Nasi tuna yetu ya kuungama. Katika usharika mmoja tuliouhudumia tulimruhusu mgeni mwenye barua nzuri azungumze baada ya ibada kuhusu fedha inayozaa haraka. Watu walitoa kwa sababu alisimama mahali tunaposimama sisi. Hakurudi. Wazee wawili wa kanisa waliuza ng'ombe ili kuwalipa wajane, na mchungaji alichanga kidogo kuliko wao.

Sasa tuje kwenye kilichoshika mizizi. Mwaka 1991, katika eneo la Maradi nchini Niger, shirika la CARE lilianza kuwafundisha wanawake wa vijijini kuweka akiba kwa vikundi. Mtindo huo ulienea barani, ukafika Zanzibar na bara ya Tanzania kuelekea na baada ya mwaka 2000, na watu wetu wakauita vikoba, majina rasmi yawe VICOBA au mengine. Utaratibu wake kila mama wa Sumbawanga anaujua. Wanakikundi huketi kwa duara, kila mmoja na namba yake. Hisa hununuliwa mbele ya wote na kugongwa muhuri kwenye kitabu cha mwanachama. Upo mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Mikopo hutolewa palepale, kwa kawaida isizidi mara tatu ya hisa za mtu. Kabla ya kufunga, salio hutajwa kwa sauti na kila mtu analishika kichwani hadi mkutano ujao. Fedha huwekwa katika sanduku lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na watu watatu, na sanduku hulala kwa mtu wa nne.

Wapo wanaodhani sanduku hili ni jambo la mashirika tu, halihusiani na imani. Walutheri hatuna haki ya kudhani hivyo. Mwaka 1523 usharika wa mji mdogo wa Leisnig, kule Saxony, uliandika utaratibu wa mfuko wa pamoja, na Martin Luther akauchapisha pamoja na dibaji yake. Fedha za kanisa zilipaswa kuwekwa katika sanduku lenye kufuli nne, likae kanisani. Wasimamizi walikuwa kumi: wawili kutoka kwa mabwana wa nchi, wawili wa baraza la mji, watatu raia wa mji, na watatu wakulima wa vijiji vya jirani. Kila kundi kati ya haya manne lilikuwa na ufunguo wake. Mkulima asiyekubali, sanduku halifunguki. Wasimamizi waliagizwa kukutana kila Jumapili, na mara tatu kwa mwaka hesabu isomwe mbele ya watu wote. Fedha ilikuwa ya kumlipa mchungaji na mwalimu, kuwatunza yatima na wazee, kumkopesha fundi aliyekwama, na kununua nafaka ya akiba kwa mwaka wa njaa. Fundi ambaye kweli hakuweza kurudisha alisamehewa.

Tuseme na lililofuata, maana vitabu vya sifa hupenda kuliruka. Baraza la mji lilikataa kukabidhi mali na mapato yaliyotakiwa kuingia sandukuni. Luther alifika Leisnig mwezi wa Agosti mwaka uleule na kumwandikia mtawala kulalamika, na bado mambo yakakwama. Mpango ulikuwa mzuri, dibaji yake ni ya mwanateolojia mkubwa, na waliokuwa na ufunguo tangu zamani hawakutaka kuuachia.

Mwaka uliofuata, 1524, Luther aliandika juu ya biashara na riba, na huko alionya vikali dhidi ya kumdhamini mtu mwingine. Miaka mia tatu baadaye Friedrich Wilhelm Raiffeisen, meya Mprotestanti wa vijijini Ujerumani, alifanya karibu kinyume. Katika njaa ya 1846 na 1847 aliwakusanya wenye mali wa Weyerbusch ili wakulima wapate unga na mkate kwa mkopo. Baadaye aliona kuwa huruma ya matajiri huchoka, na katika miaka ya 1860 akaanzisha vyama ambavyo wanachama wenyewe walidhaminiana. SACCOS zetu za leo ni wajukuu wa wazo hilo. Nani alikuwa sahihi? Tuliowaona wadhamini wakinyang'anywa viti na baiskeli kwa mikopo ambayo mtaani huitwa kausha damu tunamwelewa Luther. Tuliomwona mama akipelekwa hospitali usiku kwa fedha ya mfuko wa jamii tunamwelewa Raiffeisen. Tusivipambe vikoba vyetu pia. Riba ya asilimia 5 au 10 kwa mwezi ni kubwa, na ingawa hurudi kwa wanachama wakati wa kugawana, mwenye hisa nyingi ndiye hupata zaidi, na anayekopa kila mara ndiye mara nyingi maskini kuliko wote. Kikundi cha Kikristo kinapaswa kulizungumza hilo wazi, na vichache vinalizungumza.

Lakini kuhesabu hadharani kumefanya jambo ambalo mahubiri yetu hayakufanya. Wazee husema jina Sumbawanga maana yake ni kutupa uchawi, na bado huku mtu akifanikiwa ghafla watu hunong'ona. Katika kikundi hakuna wa kumnong'ona, kwa kuwa kila mmoja aliona muhuri ukigongwa. Fedha imekoma kuwa siri, na kinachokoma kuwa siri hupunguza hofu.

Ndipo akina mama wa kikundi kimoja cha usharika wetu walipomwandikia mchungaji barua, kwa adabu yote. Walisema wamejifunza ukumbini mwa kanisa, kwa semina zilizofunguliwa kwa sala ya kanisa, kwamba fedha ya watu wengi ihesabiwe mbele ya watu wengi. Wakauliza mfuko wa ujenzi una kiasi gani, na funguo zake ziko kwa akina nani. Baraza la wazee lilikaa mara mbili. Baadhi walisema barua ile ni utovu wa heshima. Mmoja akasema taarifa ya mwaka inatosha. Mchungaji, tukiri, alitaka kukubaliana nao, kwa sababu alijua kwamba fedha ya mabati ilikuwa imeazimwa kukarabati nyumba yake, na azimio hilo halikuandikwa popote.

Ilisomwa. Jumapili moja baada ya ibada, mnada wa mazao ukiwa umekwisha na watu wangali wameshika kuku na mafungu ya maharage waliyonunua, mhazini alisoma kila ingizo na kila toleo, pamoja na lile la nyumba ya mchungaji. Kulikuwa na kimya kirefu. Jumapili mbili zilizofuata bahasha za ujenzi zilipungua, ya tatu zikarudi. Tangu hapo hesabu husomwa mara tatu kwa mwaka, na mmoja wa washika funguo ni bibi anayekaa mbali na mji, kiasi kwamba akiumwa sanduku hukaa limefungwa na mafundi husubiri. Mara ya mwisho mwanafunzi wa kipaimara alisimama akauliza mifuko 14 ya saruji iko wapi. Mhazini hakuwa na jibu siku ile. Ameomba apewe hadi Jumapili ijayo.