Selimundu na jeni yake

Selimundu, au siko seli kama wengi wanavyouita mitaani, ni ugonjwa wa damu wa kurithi unaotokana na badiliko la herufi moja tu katika DNA ya binadamu. Umeenea zaidi Afrika kusini mwa Sahara, na Tanzania, Uganda na Kongo ni miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi. Nchini Kenya hupatikana hasa pwani na kando ya Ziwa Victoria. Upo pia Oman, India na kwa watu wenye asili ya Afrika walioko Marekani na Ulaya. Hakuna jeni nyingine inayoonyesha wazi kama hii jinsi urithi, mazingira na matunzo vinavyoamua kwa pamoja afya ya mtu.

DNA ni molekuli ndefu ya nyuzi mbili zilizosokotana, nayo hukaa ndani ya kiini cha seli. Umbo lake lilielezwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick huko Cambridge, wakitegemea sana picha za eksirei zilizotoka katika maabara ya Rosalind Franklin jijini London. Mwanamke huyo alifariki mwaka 1958 bila mchango wake kupewa heshima uliyostahili. Maelekezo yote ya DNA yameandikwa kwa kemikali nne zinazofupishwa A, T, G na C. Binadamu hurithi kromosomu 23 kutoka kwa mama na 23 kutoka kwa baba, na kila seti ina herufi zipatazo bilioni 3. Jeni ni kipande cha DNA chenye maelekezo ya kutengeneza protini fulani. Za aina hiyo tunazo takribani 20,000. Herufi zake husomwa tatu tatu, na kila tatu huita asidi amino moja ya kuunganishwa katika protini.

Jeni inayohusika na selimundu huitwa HBB, nayo iko kwenye kromosomu ya 11. Kazi yake ni kuelekeza utengenezaji wa sehemu moja ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Katika nafasi ya sita ya protini hiyo, jeni ya kawaida husomeka GAG. Kwa mwenye selimundu husomeka GTG. Herufi A imeondoka, T imekaa mahali pake, na asidi ya glutamiki imeipisha valini. Valini haipatani na maji. Himoglobini inapokwisha kuachia oksijeni, sehemu hiyo hunasa kwenye molekuli jirani, nayo hunasa kwenye nyingine, mpaka nyuzi ndefu ngumu zinajaa ndani ya chembe. Chembe iliyokuwa ya mviringo na laini hujikunja kama mundu, hukwama katika mishipa midogo na kuzuia damu kupita.

Yote yanayompata mgonjwa yanaanzia hapo. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku zipatazo 120. Yenye himoglobini hii huishi siku 10 hadi 20 tu, ndiyo maana macho huwa ya manjano na damu hupungua mara kwa mara. Mtoto huzaliwa akiwa salama, kwa kuwa himoglobini aliyokuwa nayo tumboni haina kasoro, lakini inapopungua baada ya miezi kadhaa dalili hujitokeza. Mara nyingi ya kwanza ni viganja na nyayo kuvimba, mtoto akilia kila anaposhikwa mkono. Baadaye huja maumivu makali ya mifupa, bandama kuharibika, maambukizi ya bakteria, na kwa baadhi yao kiharusi wakiwa bado wadogo.

Ili mtu augue aina ya kawaida ya selimundu, hupokea nakala yenye badiliko kutoka kwa wazazi wote wawili. Huyo huandikwa SS. Aliyepokea moja tu ni AS, naye kwa kawaida huishi maisha yake yote bila kuugua wala kujua. Wazazi wawili wa AS wakizaa, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto wa SS. Neno “kila” lina uzito hapa, maana wapo wanaodhani kwamba akishapatikana mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata watakuwa wazima. Hesabu huanza upya katika kila ujauzito. Tena hakuna namna mama awe peke yake chanzo cha SS. Wanawake wengi wamesutwa na ukweni, na wengine kuachwa na waume zao, kwa ugonjwa ambao baba amechangia nusu sawasawa. Huo ni uonevu, na sayansi haiupi hata chembe ya msingi.

Swali lililowasumbua wataalamu ni kwa nini jeni inayoua watoto iendelee kuwepo kwa wingi namna hii. Jibu lilipatikana Afrika Mashariki. Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia Kenya, alipima damu za Wakenya mwaka 1949 akagundua kwamba AS ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini nadra katika nyanda za juu zenye baridi. Ramani hiyo ilifanana na ramani ya malaria. Miaka michache baadaye alipima watoto 290 wa Uganda: kati ya 43 wenye AS, 12 walikuwa na vimelea vya malaria, kati ya 247 wasio nayo, 113. Aliwaambukiza pia malaria wanaume Wajaluo 30 waliojitolea, jaribio ambalo leo haliwezi kupata kibali. Kati ya 15 wasio na AS waliugua 14. Kati ya 15 wenye AS, wawili tu. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1954.

Kwa hiyo nakala moja ni kinga na mbili ni maradhi. Kinga hiyo ni ya AS peke yake: mtoto wa SS akipata malaria huwa hatarini kuliko wenzake, na wazazi wasidanganyike kuacha chandarua.

Jeni ni ileile Chicago na Mwanza, ila mwisho wake si mmoja. Marekani, watoto wengi wenye selimundu sasa hufikia utu uzima. Katika sehemu kubwa ya Afrika, wengi hufariki kabla ya miaka mitano, mara nyingi bila hata kutambuliwa. Tofauti iko katika kupima mapema, penisilini ya kila siku, chanjo, kinga ya malaria, maji ya kutosha na dawa ya haidroksiyurea, ambayo huamsha tena himoglobini ile ya tumboni. Utafiti uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda na kuchapishwa mwaka 2019 ulithibitisha kuwa dawa hiyo ni salama kwa watoto wa Afrika na hupunguza maumivu, malaria na vifo. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, imekuwa ikifuatilia wagonjwa kwa utaratibu tangu 2004, kazi iliyoongozwa na Julie Makani.

Upandikizaji wa uloto huweza kuponya kabisa, nao umeanza kufanyika Dodoma, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa. Mwishoni mwa 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha tiba ya kwanza ya kuhariri jeni kwa mkasi wa CRISPR. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Hakuna familia ya kawaida popote inayoweza kulipa hiyo, na ni aibu kwamba tiba imekaa mbali hivyo na wagonjwa walio wengi.

Kipimo chenyewe huhitaji damu kidogo tu. Kwa mtoto mchanga hutolewa kwenye kisigino. Wachumba wapime kabla ya kuzaa, na mtoto apimwe kabla viganja havijavimba.